Gamba lililonasa kwenye gunia: nyoka hujivuaje, na kwa nini?

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni mkulima, niko Muheza. Juzi nikipanga magunia ya mahindi stoo nimekuta gamba la nyoka, zima tangu mdomo hadi mkia. Kichwa kimenasa kati ya gunia na ukuta, mkia umenyooka kuelekea upenyo wa chini ya mlango. Nimelipima kwa tepu ya fundi cherehani: mita 2 na sentimita 10. Mama mkwe anasema huyo ni nyoka wa kutumwa, nyoka wa kawaida haachi nguo yake ndani ya nyumba ya watu. Mume wangu anasema nyoka akijivua gamba anarudi kuwa kijana, ndiyo maana hafi mpaka auawe. Mimi nataka kujua ukweli wenyewe: kwa nini anajivua, anajivuaje wakati hana mikono, na je, bado yumo? Halafu mwanangu wa darasa la tano anang'ang'ania kulipeleka shuleni. Halina sumu? Nakutumia picha tatu."

Jibu: Marahaba, mwanangu. Picha zako nimezitazama kwenye simu ya mjukuu wangu, maana yangu ni ya kitochi, na ile ya kichwa nimeikuza mpaka mjukuu akaninyang'anya. Jicho la kulia linaonekana vizuri: kijikombe kidogo kinachong'aa kama kipande cha nailoni. La kushoto halipo, pana tundu. Wewe umeogopeshwa na mita 2, mimi nimebaki nalifikiria tundu hilo. Tutalirudia.

Kwanza tukubaliane umeshika nini. Kiswahili kinatuchanganya hapa, maana gamba ni kile kidude kimoja kimoja kilichopangwa mgongoni, na gamba ni vazi zima lililovuliwa. Basi vile vidogo nitaviita vigamba. Hilo vazi si ngozi yote ya nyoka. Ngozi yote, ile ya kushonea mikoba na viatu, huchunwa kwa kisu nyoka akishakufa. Ulichookota ni utando wa juu tu, seli zilizokufa zikajaa keratini, jamii moja na kucha zako, pembe ya ng'ombe na unyoya wa kuku. Hauna damu wala mshipa wa fahamu. Ukipaa samaki, magamba yanaruka moja moja mpaka yanakuganda kwenye nywele. Nyoka humpai hivyo. Vigamba vyake havikuchomekwa kimoja kimoja. Ni mikunjo ya utando mmoja, mnene juu ya kigamba, mwembamba kwenye maungio, kama gauni lililopigwa marinda. Ndiyo sababu gamba linatoka zima. Na ndiyo sababu linakuwa refu kuliko mwenyewe, kwa kuwa likivuliwa marinda yote yanafunguka. Gamba linaweza kumzidi nyoka kwa sehemu moja ya tano, hata zaidi. Kwa hiyo mita 2 na sentimita 10 za tepu yako ni nyoka wa mita 1.7 hivi. Punguza hofu kwa sentimita arobaini.

Wewe na mimi pia tunajivua, ila sisi tunafanya kwa rejareja. Kila siku tunadondosha seli za ngozi zisizoonekana. Sehemu ya vumbi unalofagia chumbani ni sisi wenyewe. Mjusi naye huambuka vipandevipande, na wengi hula vipande vyao wasipoteze kitu. Nyoka anafanya kwa jumla. Mwili mzima unangoja, halafu unabadilisha siku moja.

Namna inavyofanyika ni hivi. Chini kabisa ya utando ule kuna tabaka la seli hai, kiwanda cha ngozi. Kwa wiki nyingi kiwanda kimefungwa. Kikifunguliwa, kinashona ngozi nyingine nzima chini ya ile ya zamani: sehemu ngumu ya nje, kisha sehemu yenye mafuta inayozuia maji ya mwili yasipotee, kisha sehemu laini ya ndani. Ya zamani bado iko juu, haijaguswa. Kwa siku kadhaa nyoka anakuwa amevaa mashati mawili. Tangu seli zianze kuzaliana mpaka gamba lianguke, kwa nyoka wengi ni kama siku 14. Homoni zina mkono wao humo, na nyoka ana kioja chake: homoni ya thairoidi, ile tezi ya shingoni ambayo kwa mjusi huharakisha kujivua, kwa nyoka inachelewesha. Maabara walipowatoa nyoka tezi hiyo, walijivua mara nyingi zaidi.

Sasa jiulize mashati hayo mawili yanashikanaje yasitelezeane nyoka anapotambaa, halafu siku ikifika yanaachana bila kuchanika. Sehemu ya chini kabisa ya ngozi kuukuu na sehemu ya juu kabisa ya ngozi mpya hukua zikiwa zimeumana, vijino ndani ya vijino, vidogo mno kwa macho, kama zipu iliyofungwa. Ngozi mpya inapokomaa na kuwa ngumu, zipu inalegea. Kati ya ngozi mbili kunakuwa na seli zinazovunjikavunjika na majimaji ya mwili yanayopenya hapo. Majimaji hayo ndiyo yanayoachanisha, na ndiyo unayoyaona kwa nje ukikutana na nyoka aliyekaribia kujivua: rangi imefifia kama kanga iliyofuliwa mara nyingi, tumbo limekuwa la maziwamaziwa, na macho yamepata ukungu wa bluu.

Macho hayo ndiyo yanayowatisha watu. Nyoka hana kope za kufumba. Jicho lake limefunikwa na kigamba kimoja cha duara, angavu, kama kioo cha saa ya mkononi. Nacho ni sehemu ya gamba, kinabadilishwa pamoja na vingine. Majimaji yakiingia chini ya kioo hicho, nyoka haoni vizuri kwa siku kadhaa. Anaacha kula, anajificha, na hasira zake zinakuwa karibu. Nalisema hili kwa kidonda. Nikiwa bado kijana katika kazi ya kulisha nyoka kwenye bustani ya nyoka, nilitia mkono kwenye kizimba cha chatu mwenye macho ya ukungu ili nitoe bakuli la maji. Chatu yule alikuwa mpole, watoto wa shule walimpapasa kila Jumamosi. Aliona kivuli tu. Chatu hana sumu, lakini meno yake yamepinda kurudi nyuma, ukivuta mkono unajiongezea mwenyewe. Kovu bado ninalo kiganjani.

Kisha linatokea jambo ambalo wengi hawalijui: macho yanaangaza tena. Mtu akiona hivyo anadhani nyoka amepona. Kumbe majimaji yamenywewa, zipu imelegea, na kwa kawaida siku tatu au nne baadaye ndipo anajivua.

Nimeangalia mara nyingi, lakini ninayoikumbuka zaidi ni ya jike la kifutu, asubuhi ya saa 12, kabla hatujafungua geti la wageni. Alikuwa hajala zaidi ya wiki. Alipiga miayo miwili mirefu, akaanza kusugua ncha ya pua kwenye jiwe la msingi tulilomwekea, upande huu, upande ule, bila haraka, kama mtu anayejikuna mgongo kwenye mlango. Ukingo wa mdomo wa juu ukaachia, kisha wa chini, ukajikunja nyuma kama mdomo wa soksi. Akakisukuma kichwa kati ya jiwe na gogo. Gamba la kidevu likabaki nyuma kama kola. Ilipofika zamu ya macho nilisogea nikashika pumzi: kile kioo kilibanduka polepole, na chini yake jicho likawa la dhahabu, limelowa, kama halijawahi kutumika. Baada ya hapo ilikuwa ni kutambaa tu. Vigamba vipana vya tumboni vilishika ardhi, mwili ukasonga mbele, gamba likabaki pale liliponasa, likigeuka ndani nje. Akivuta pumzi ubavu ulijaa, na gamba likateleza inchi nyingine. Kulikuwa na sauti, ndogo, kama mtu anayefungua pakiti ya biskuti chumba cha pili. Nusu saa haikuisha. Zile alama za V za mgongoni zilitoka kana kwamba zimepakwa rangi muda huohuo. Nilipoliokota gamba lilikuwa na unyevu, laini kama utumbo wa mbuzi uliooshwa, na lilinuka udongo. Baada ya saa mbili lilikuwa karatasi.

Umeuliza anajivuaje bila mikono. Mikono yake ni gunia lako. Katani au nailoni iliyosukwa, na ukuta wa tofali usiopigwa plasta, kwake ni kama vishikizo viwili vilivyotengenezwa maalumu. Alipitisha mdomo hapo, gamba likanasa, yeye akaendelea na safari.

Na kwa kuwa gamba hugeuka ndani nje, linasomeka kinyume na watu wanavyodhani. Ukiona kichwa cha gamba kimeelekea ukutani, unasema nyoka ameingia ukutani. Sivyo. Kichwa kinabaki pale kazi ilipoanzia, na mkia ndio wa mwisho kuvuliwa, kwa hiyo mkia wa gamba ndio unaoonyesha alikokwenda. Wa kwako umeelekea upenyo wa chini ya mlango. Basi mwanangu, nyoka huyo alijivua akatoka. Sikuhakikishii alichofanya kesho yake, gamba linasema habari za mita mbili za kwanza tu. Lakini jirekebishe: alikuwa akiondoka, hakuwa akijikaribisha.

Kwa nini anahangaika hivi? Jibu la vitabu vya shule ni kukua, na ni kweli. Utando wa keratini umekufa, haukui wala haunyumbuki kupita kiasi, na nyoka hukua muda mrefu wa maisha yake, kwa kasi utotoni na kwa kujikongoja uzeeni. Mtoto wa nyoka anayekula vizuri anaweza kujivua karibu kila mwezi. Mzima mara chache kwa mwaka, kutegemea chakula, joto na afya. Lakini kama sababu ingekuwa kukua peke yake, nyoka mzee aliyeacha kurefuka angeacha kujivua, naye haachi. Yule anayetambaa kwa tumbo juu ya changarawe, miiba na mabua maisha yake yote anachakaza vazi. Vigamba vya tumbo vinalika kama soli ya ndala. Nyoka aliyejeruhiwa mara nyingi hujivua mapema, na kila gamba linalotoka kovu linapungua. Kupe na utitiri waliojibanza kati ya vigamba nao huondoka na mzigo. Majike wengi hujivua kabla ya kutaga.

Sababu hii ya kuchakaa na wadudu ukitaka kuiona waziwazi, nenda baharini. Yupo nyoka wa bahari mwenye mgongo mweusi na tumbo la njano, ambaye mawimbi humtupa mara mojamoja kwenye fukwe zetu za Afrika Mashariki. Anaishi akielea bahari kuu, na kama mashua isiyopandishwa ufukweni huota mwani na vijikonokono vya kugandia. Wa bahari hujivua mara nyingi kuliko wa nchi kavu, wengine kila baada ya wiki chache. Huko hakuna jiwe wala gunia. Anafanyaje? Anajifunga fundo. Mwili unapita ndani ya kitanzi chake mwenyewe, ukijisugua, gamba linasukumwa nyuma. Mvuvi akimwona hivyo anadhani nyoka amechanganyikiwa.

Watoto wa nyoka nao wana lao. Vazi la kwanza wanalozaliwa nalo halizuii maji vizuri. Mara nyingi hujivua siku chache tu baada ya kuzaliwa au kuanguliwa, na la pili ndilo linalofaa kwa jua. Na si wote huachwa peke yao siku hizo za mwanzo: chatu wa kusini mwa Afrika, aina inayofika mpaka huku kwetu Tanzania, mama hubaki na watoto shimoni kwa karibu wiki mbili baada ya kuanguliwa, usiku wakilala ndani ya mkunjo wake. Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand ndiye aliyeyaeleza hayo mwaka 2018, baada ya kuwafuatilia chatu wa hifadhi ya Dinokeng, Afrika Kusini. Sisi wa bustani za nyoka tulikuwa tukifundishwa kwamba mama nyoka hana malezi yoyote. Tulifundishwa vibaya.

Sasa mumeo. Mwambie hayuko peke yake. Wafipa na Wabende wa upande wa Ziwa Tanganyika wana simulizi ya zamani kwamba Leza, Mungu, alishuka akauliza viumbe vyote: nani asiyetaka kufa? Watu na wanyama wote walikuwa wamelala. Aliyekuwa macho ni nyoka tu, akajibu, "Mimi." Ndiyo sababu mtu anakufa, na nyoka kila mwaka anabadili ngozi akarudia ujana wake, hafi asipouawa. Kama simulizi ninaipenda sana, hasa hapo kwenye kulala usingizi, maana nyoka hana kope, aonekane vipi amelala? Waliotunga walikuwa wamemtazama kwa makini. Lakini kama habari ya mwili si kweli. Kinachobadilika ni koti. Moyo, figo na mifupa ni vilevile, vinazeeka kama vyetu. Wapo wanaoishi sana: katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, mwaka 2020 chatu wa aina ile ndogo ya Afrika Magharibi, aliyekadiriwa kuwa na miaka 62, alitaga mayai. Hata hivyo huyo ni bibi, si kigoli. Na hata madoa hayabadiliki. Rangi nyingi ya nyoka iko kwenye ngozi ya ndani ambayo haivuliwi, ndiyo maana gamba lako halina rangi, lina kivuli tu cha michoro. Mwaka 2011 CCM walipotangaza kwamba chama kinajivua gamba, nchi nzima ilishika msemo huo, na mimi niliulizwa vijiweni kama "mtaalamu". Nilijibu kuhusu nyoka peke yake: aliyejivua ni yuleyule, na sumu yake ni ileile.

Kwa mama mkwe nenda taratibu, ni mzazi. Usimwambie hajui. Mwonyeshe mavi ya panya nyuma ya magunia, najua yapo. Penye mahindi pana panya, penye panya pana nyoka, na stoo yenye giza na unyevu kidogo ni mahali pa kujivulia kuliko uwanja wa jua kali, kwa sababu gamba likikauka kabla ya wakati linagoma. Huyo hakutumwa na jirani. Kama aliitwa, walioita ni panya.

Hilo la kugoma ndilo linaloturudisha kwenye jicho. Nyoka mwenye kiu, mgonjwa, mwenye utitiri mwingi au aliyewekwa mahali pakavu mno hujivua vibaya: vipande vinabaki mwilini. Vikibaki kwenye ncha ya mkia vinakauka na kukaza kama uzi uliofungwa kidoleni, damu haipiti, ncha inakufa. Kioo cha jicho nacho kinaweza kubaki, nyoka akawa na vioo viwili juu ya jicho moja. Kwa nyoka wa kufugwa tunamlowesha kwa maji vuguvugu na kumpitisha kwenye kitambaa kilicholowa, tunangoja. Mwenzangu mmoja hakungoja. Alitumia kibano kubandua kioo cha zamani, akang'oa na kipya. Jicho lile halikupona.

Na nadhani hapo ndipo alipozaliwa yule nyoka wa hadithi mwenye upanga kichwani kama jogoo, ambaye inasemwa huwika. Kusini Wayao humwita songo, na masimulizi yake yanaenea mpaka Malawi na Zambia. Kuwika siwezi kukuelezea. Upanga ninaweza: chukua koboko mzee aliyejivua vibaya, kipande cha gamba kikaganda kisogoni, kikasimama na kukauka, halafu umwone mara moja tu, kwa hofu, akiwa ameinua kichwa kwenye majani. Utaapa mbele ya kadhi kwamba umeona upanga.

Ni nyoka gani, basi? Si kifutu, vigamba vya kifutu vina mstari ulioinuka katikati kama mkuku wa jahazi, na kichwa chake kimejaa vigamba vidogovidogo. Wa kwako mgongo ni laini, na juu ya kichwa kuna vigamba vikubwa vichache vilivyopangwa kama vigae. Hesabu safu katikati ya mwili, ubavu hadi ubavu, bila vile vipana vya tumbo. Zikizidi 70, ni chatu mchanga, lakini sidhani. Zikiwa 17, anaweza kuwa yule nyoka wa majani wa rangi ya zeituni, mla panya, anayekimbia kuliko kupigana. Anaweza pia kuwa swila. Zikiwa 21 hadi 25, koboko yumo kwenye orodha. Kisha tazama shavuni, kati ya kigamba chenye tundu la pua na kile kinachogusa jicho kwa mbele. Swila na koboko hawana kigamba cha ziada hapo, vile viwili vinagusana. Nyoka wa majani anacho cha tatu katikati. Picha yako haifiki hapo, inabidi wewe mwenyewe uangalie kwa mwanga wa dirisha. Mpaka uwe na hakika, mhesabu kuwa ni wa sumu.

Stooni usimwage mafuta ya taa, utaharibu mahindi tu. Pandisha magunia juu ya mbao yaachane na ukuta kiasi cha kupitisha ufagio, ziba upenyo wa chini ya mlango kwa ubao au mpira, shughulikia panya, na usiingize mkono nyuma ya gunia usipopaona. Ukimkuta nyoka mwenye macho ya ukungu, mwache, funga mlango, ita anayejua. Mtu akiumwa ni hospitali moja kwa moja, atulie, asichanjwe kwa wembe, jeraha lisinyonywe, wala lile jiwe jeusi la kubandika kwenye jeraha lisimpotezee muda. Swila akitema machoni, osha kwa maji mengi safi bila kusugua, kisha hospitali hivyohivyo.

Mtoto alipeleke gamba shuleni. Halina sumu, sumu iko kwenye tezi za kichwani na hutoka kwa meno, haijawahi kuwa kwenye ngozi. Isipokuwa nyoka wengi hubeba vijidudu vya salmonela, kwa hiyo baada ya kulishika anawe kwa sabuni kabla ya kula kitumbua. Kama limekunjamana, liloweke kwenye beseni la maji vuguvugu dakika kumi, lilegee, ulitandaze juu ya gazeti kivulini. Beseni hilo lisirudi jikoni. Mwalimu akipenda, darasa lihesabu zile safu, nami nitafurahi kuambiwa idadi.

Lakini kabla hujaliloweka, rudi stoo na tochi. Hukusema ulilibanduaje. Kama ulilivuta kutoka kwenye gunia, kuna uwezekano kioo cha kushoto kilichanika hapo na kubaki kwenye nyuzi. Tafuta pembeni mwa gunia, usawa wa kifundo cha mguu, na chini sakafuni: kitu cha duara, kikavu, kidogo kama punje ya dengu, kinachometa ukigeuza mwanga. Ukikipata, nyoka wako alitoka mzima. Usipokipata, basi huenda anatembea Muheza akiwa na kioo kuukuu kwenye jicho la kushoto, na kitabaki hapo mpaka atakapojivua tena, ambapo mara nyingi vyote viwili hutoka pamoja.